Neno Moja la Fundi wa Lifti

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkaza mjomba pia, na nyonga yake imetulia. Mimi sijambo. Chumba changu ni kilekile, ngazi ni zilezile thelathini na nane, na mwenye nyumba bado anaziba bomba la jikoni kwa kitambaa. Wenzangu kazini huku ugenini wanashangaa kwamba bado naandika barua. Nimewaambia nina mjomba asiyetaka simu kwa sababu simu haina tarehe.

Sasa nina jambo. Wodi yetu ina vitanda kumi na vinne. Kitanda cha sita analala mzee aliyekuwa fundi wa lifti miaka thelathini na moja. Kiharusi kilimpata Novemba. Upande wa kulia umelala, na maneno yamemtoka yote isipokuwa moja la Kiingereza, lugha yake ya kuzaliwa: "get". Akiamka, get. Akiletewa chai, get. Daktari akimwinamia, get. Mwanzoni wahudumu tulicheka. "Redio imekwama hiyo," alisema mwenzangu wa zamu, na mimi nilicheka pamoja naye.

Kwenye faili lake pameandikwa: hana mawasiliano. Tarehe 4 Juni jopo la madaktari litakaa. Mgonjwa mwenye mawasiliano anapewa miezi sita zaidi na mwalimu wa usemi, ambaye huja kila Jumanne. Asiye nayo anapelekwa nyumba ya matunzo. Nimewahi kufanya kazi kule. Wanalishwa, wanafutwa, wanageuzwa ubavu, na hakuna anayewauliza kitu. Mzee huyu hana mke wala mtoto wa kumsemea.

Juzi nilimfunika blanketi akasema get. Nikaliondoa, get. Nikalirudisha lakini nikalikunja liishie magotini. Akanyamaza, akafumba macho. Nilibaki nimesimama na trei mkononi. Mjomba, sidhani kama redio imekwama. Una ile kamusi yako nene. Niambie, neno hili linafanya kazi ngapi?

Wako mpwa, mwenye maswali kama kawaida.


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 19, siku kumi na tano njiani. Tuko salama. Mkaza mjomba wako anasema nyonga yake haina habari zake yenyewe, mvua ndiyo yenye habari, nyonga inazitangaza tu. Mdogo wako ameajiriwa kiwanda cha uchapaji na anarudi nyumbani na wino hadi masikioni.

Niliifungua kamusi Jumamosi baada ya kunywa chai, nikiwa na penseli na karatasi moja, nikidhani nusu saa itatosha. Mpwa wangu, nilihesabu matumizi mia moja na arobaini na saba, kisha nikapoteza hesabu, jambo ambalo halijanipata tangu nistaafu. Kupata. Kupokea. Kuleta. Kununua. Kuambukizwa. Kufika. Kuelewa. Kugeuka kutoka hali moja hadi nyingine, kama chai inavyopoa au mtu anavyozeeka. Ukilitilia kijineno nyuma yake, linaamka kitandani, linashuka garini, linapona ugonjwa, linapatana na jirani, linaponyoka adhabu. Na lote hilo ni herufi tatu. Nilipoinua macho, jua lilikuwa limeshavuka ukuta wa jirani na chakula changu kimefunikwa sahani. Nilikaa vile, kamusi mapajani, kama mtu aliyechimba shimo la mti wa uzio akakuta maji.

Nikamweleza mkaza mjomba wako. Akanitazama na ule uso wake. "Mnawashangaa wenyewe wa Kiingereza? Wewe leo umepiga mswaki, umepiga pasi, umepiga chafya mbili, sasa unanipigia kelele. Na katika yote hayo hakuna aliyeumia."  Miaka sitini na minane natumia hilo "piga" kila siku, na sijawahi kulifungua ndani.

Sasa sikiliza. Nimetunza stoo ya vipuri vya pampu miaka ishirini na sita. Kipuri kikija bila jina hatukukitambua kwa sura, maana vipuri vinafanana kama ndugu. Tulikitambua kwa mahali kinapoingia kikakaa. Kwa hiyo nunua daftari, lipige mistari, upate safu nne. Ya kwanza, tarehe na saa. Ya pili, alikuwa akitazama nini. Ya tatu, sauti ilipanda au ilishuka. Ya nne, kilichomnyamazisha. Usiandike unachodhani alisema. Andika kilichomnyamazisha. Maana ya neno lake iko safu ya nne.

Ni mimi mjomba wako, macho mekundu lakini mzima.


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba. Mwambie nimecheka peke yangu ngazini mpaka mwenye nyumba akafungua mlango kutazama. Mwambie mdogo wangu wino unatoka kwa mafuta ya kupikia, asijichubue na sabuni ya mche.

Nimenunua daftari la kurasa mia. Nimejaza ishirini na mbili. Nakunakilia machache.

"Machi 3, saa 3.10 asubuhi. Anatazama dirisha. Sauti inapanda. Nilifungua pazia, hakunyamaza. Nilifungua dirisha, hakunyamaza. Nilisogeza kiti chake hadi mkono ufike ukingoni mwa dirisha. Alinyamaza."

"Machi 5, saa 6.40 mchana. Mzee wa kitanda cha saba alisimulia kichekesho cha mkwe wake. Get, fupi, bega likitikisika. Hakikuhitajika kitu. Alikuwa amekielewa kichekesho."

"Machi 5, saa 10.00 jioni. Anatazama kikombe. Sauti inashuka kwa huzuni. Niligusa chai. Ilikuwa imepoa."

"Machi 9, saa 4.25 asubuhi. Daktari mwanafunzi anawaeleza wenzake habari za mzee kana kwamba hayupo. Get, kwa kubinua mdomo, macho mlangoni. Walipotoka alinyamaza."

Mjomba, kuna siku nilisimama na kitambaa cha kufutia meza nikasahau nilikuwa nafuta nini. Mtu huyu ameachiwa chombo kimoja tu kati ya vyombo vyote vya duniani, na kwa chombo hicho anapika, anajenga, anafukuza wageni. Mimi nina maneno maelfu na wiki nyingine sisemi lolote la maana.

Kuna moja lisiloingia popote. Ukuta wa nyuma ya kitanda chake ndio ukuta wa lifti. Kila lifti ikishuka husema get-get-get, haraka, mara tatu. Mistari arobaini na tatu hadi leo, na safu ya nne yote ni tupu. Nadhani anakumbuka kazi yake tu.

Nilimpelekea sista wa wodi daftari. Alisoma kurasa tatu kwa makini, sitamsingizia. Kisha akalifunga. "Mhudumu hajazi faili. Wewe ukianza, kesho mpishi naye ataniletea lake." Nikamwambia jopo litakaa Juni. Akasema jopo linasoma faili.

Jambo la mwisho, na usilipite. Nilipofika kwako mwaka juzi, siku mbili baada ya mazishi ya mama, mkaza mjomba aliniambia jikoni kwamba marehemu naye alibaki na neno moja. Sikuuliza ni lipi. Sasa nauliza.

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Yako ilifika jana. Wote wazima. Mafuta ya kupikia yamefanya kazi.

Sista wako yuko sahihi, na usimkasirikie. Stoo yangu pia haikutoa kipuri kwa maneno ya mtu, hata kama mtu huyo ndiye aliyeona pampu imekufa. Ilitakiwa karatasi ya kazi yenye sahihi ya fundi. Kibarua akiona hitilafu alikwenda kumtafuta fundi, na fundi akaandika. Kwa hiyo tafuta mtu ambaye karatasi yake inapokelewa. Usimwambie aandike nini. Mkalishe karibu na mzee, basi.

Na ile mistari arobaini na tatu usiipe sababu ya "kukumbuka". Safu ikiwa tupu maana yake hatujui. Tupu iache tupu.

Hilo la mama yako, acha kwanza.

Mjomba wako.


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi hadi nikaipindua kuona kama kuna nyuma. Mimi mzima, bomba la jikoni limepasuka hatimaye, na mwenye nyumba ananunua jingine kwa uchungu kama mtu anayemwoza binti. Mkaza mjomba hajambo? Hukumtaja.

Nisikilize sasa.

Tarehe 22 alikuja fundi wa kampuni inayohudumia lifti zetu, kama anavyokuja kila mwezi. Mtu mzima, kipara, kalamu sikioni. Nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia tuna mzee wa kazi yako kitanda cha sita, hebu msalimie.

"Dada, nina majengo matatu leo. Nikianza kusalimia wazee nitastaafu hapahapa."

"Dakika moja tu."

"Dakika za hospitali nazijua mimi." Lakini akaja, akaketi nusu tako kwenye kiti.

Lifti ikashuka nyuma ya ukuta. Mzee akasema get-get-get.

Fundi akageuza kichwa. "Rudia, mzee."

Mzee akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akagonga chuma cha kitanda kwa kidole. Mara mbili taratibu, ya tatu nzito. Fundi akatoa kalamu sikioni. Tukangoja lifti ipite tena. Fundi alifumba macho, sikio ukutani, na mzee naye akafumba macho.

"Inagonga ikivuka ghorofa ya pili," fundi akasema.

Get. Fupi, inashuka. Ile ya kichekesho.

"Ikishuka na ikipanda?"

Get. Kiganja chini.

"Ikishuka tu. Ni vigurudumu vya mlango?"

Get, kwa kubinua mdomo. Ile ya madaktari wanafunzi. Fundi akacheka. "Sawa bosi, usinifukuze. Basi ni kile kiatu kinachoishika lifti kwenye reli yake?"

Mzee akavuta pumzi, akalitoa neno hilo refu, kama mtu anayetua mzigo alioubeba njia nzima. Geeet.

Walizungumza dakika kumi na tano, Mjomba. Niliangalia saa. Mmoja alikuwa na maneno yote ya ufundi na mwingine alikuwa na moja, na sikuona hata mara moja yule wa moja akipungukiwa. Nilikuwa nimeshajaza kurasa arobaini, nikidhani najua ukubwa wa neno lile. Kumbe nilikuwa nimesimama kizingitini.

Fundi alishuka. Baada ya saa nzima alirudi na kipande cha chuma kilicholika upande mmoja, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee akakipitishia kidole gumba polepole, akakaa nacho. Lifti ikapita nyuma ya ukuta. Hakusema kitu. Hajasema kitu ikipita tangu siku hiyo. Mistari yote ya lifti ilipata safu yake ya nne kwa mara moja, na niliijaza yote kwa mkono, mmoja mmoja, bila kutumia alama za "kama juu".

Karatasi ya kazi ya fundi ina mahali pa kuandika aliyetoa taarifa ya hitilafu. Aliandika jina la mzee, na mbele yake: mgonjwa, kitanda namba sita, ameeleza mahali na chanzo kwa usahihi. Sista wa wodi hutakiwa kutia sahihi. Alisoma, kalamu ikabaki hewani.

"Hii inakwenda faili la jengo," akasema.

"Na nakala yake?" nikauliza.

Akamtazama mzee, aliyekuwa bado ameshika kile chuma. "Nakala," akasema, "naweza kuiweka ninapoona inahusika." Akaiingiza kwenye faili la kitanda cha sita.

Nimesubiri swali langu lijibiwe. Sitalirudia.

Mpwa wako.


26 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Yako ilifika tarehe 14. Siku kumi na mbili sikujibu, na wino ulikuwepo. Mkaza mjomba wako hajambo. Sikumtaja kwa sababu tulikuwa hatusemezani vizuri, na tulikuwa hatusemezani kwa sababu yako. Aliniambia, "Mwandikie mtoto. Unamfundisha kusoma mgonjwa wa watu, na wa kwake umemfungia kabatini."

Niliyasoma ya fundi wa lifti mara nne. Mara ya nne nilifungua kabati nikatoa shajara yangu ya mwaka juzi.

Neno la mama yako lilikuwa "shika". Nakunakilia kama lilivyo, sijapunguza.

"3 Agosti. Shika, mara 31. Nilimpa kikombe, amekiangusha."

"4 Agosti. Shika, mara 27. Nilimpa leso, ameitupa."

"6 Agosti. Shika, mara 38. Nilimpa kijiko, nikampa picha yenu. Ametupa vyote. Akili imeondoka."

"9 Agosti. Shika, mara 0. Nimemkata kucha mikono yote miwili, saa nane hadi saa kumi. Ametulia. Nadhani amechoka."

"10 Agosti. Shika, mara 34."

Inaendelea hivyo hadi tarehe 16. Unajua ya 17.

Kucha kumi hazichukui saa mbili. Miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo nilikwenda kidole kimoja kimoja, nikimshika kila kimoja muda mrefu kabla ya kukata, nisimuumize. Yeye alikuwa akinitazama. Nilidhani anatazama mkasi.

Dada yangu hakutaka kupewa kitu, mpwa wangu. Na mimi nilihesabu. Niliandika kila mara aliposema, kila siku, na sikupiga safu ya nne. Nilipokuamuru uipige Februari nilidhani nimeitoa stoo. Sasa sijui niliitoa wapi. Huenda ilikuwa inanidai tangu siku ile, nami siijui sura.

Nimekaa na ile "mara 0" siku hizi kumi na mbili. Neno moja la kwetu, la jikoni, la kumwambia mtoto ashike sufuria. Mle ndani alikuwemo dada yangu mzima, na mimi nilikuwa mlangoni na penseli.

Siombi unisamehe kwa barua. Nilitaka tu ulijue kwa tarehe zake.

Mjomba wako.


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo naanza na la mwisho, salamu zitatufuata nyuma.

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma ngazini, ngazi ya kumi na tisa, na sikupanda zaidi kwa muda. Nami nikupe langu lililofungiwa kabatini. Mwezi ule wa Agosti nilikuwa na likizo ya siku tisa. Niliitunza kwa ajili ya Desemba. Hakuna aliyenizuia kuja. Nilikuwa nikijiambia mama hatajua nani amekuja.

Umeandika kwamba ulihesabu tu. Mimi sikuhesabu. Kama usingeandika tarehe 9, leo hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba mchana mmoja, saa nane hadi saa kumi, mama alipata alichokitaka. Ulikitoa bila kujua, lakini kilimfikia. Nimepiga mstari mmoja zaidi kwenye daftari langu, baada ya ile ya mzee. Agosti 9. Alikuwa akimtazama kaka yake. Sauti hakuna. Safu ya nne nimeijaza, Mjomba. Nimeandika "alishikwa". Nawe iandike kwenye shajara yako. Mwambie mkaza mjomba ahakikishe.

Sasa jopo. Walikaa tarehe 4, saa nne asubuhi, watu watatu na mwenyekiti daktari mwanamke mwenye nywele nyeupe. Mimi nilikuwepo kwa sababu mtu lazima asukume kiti cha magurudumu. Walisoma faili. Walipofika kwenye karatasi ya lifti mwenyekiti aliuliza ni ya nini, na sista wa wodi akaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma joto la mwili, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akasema, "Kuna daftari pia. Si la faili. Mhudumu analo." Hakunitazama.

Daktari alilipitia. Alikuwa anakwenda haraka, kisha polepole, kisha akarudi ukurasa wa kwanza. Wenzake wakangoja. Mwisho akauliza, akinielekea mimi, "Anataka kubaki hapa?"

Mzee akasema get.

Ilikuwa sauti nisiyokuwa nayo. Si ya dirisha, si ya chai, si ya kiatu cha lifti. Nilipekua kurasa kichwani na sikuipata. Wote wakanitazama.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

Ningeweza kusema anasema ndiyo. Ndilo walilokuwa tayari kuliandika. Lakini wewe uliniambia nisiandike ninachodhani.

"Hiyo siijui," nikasema. "Muulize yeye."

  Daktari aliinuka, akakinyanyua kiti chake akakizungusha upande wa pili wa meza, akaketi mbele ya mzee magoti kwa magoti, na akajitambulisha kwake kwa jina. Tangu Novemba watu wamemtajia mzee jina lake kumpima kama analijua. Sijawahi kusikia mtu akimpa la kwake.

"Mzee," akasema, "nina muda. Niambie tena."

Walimpa miezi sita. Lakini hilo waliliandika baadaye. Mzee alianza kumweleza, nami nikarudi nyuma hadi ukutani nikawapisha.

Nakutakia macho yasiyouma na mkono usiochoka. Nyonga ya mkaza mjomba itangaze mvua njema. Likizo yangu inaanza Agosti 7, na safari hii siitunzi.

Mpwa wako.